Ute mweupe kwenye injini: Ni baridi au ni ugonjwa?

Miezi ya Juni, Julai na Agosti huleta baridi kali Nairobi, Limuru na Nyahururu. Huu ndio wakati ambapo wewe mwenye gari waweza kufungua kifuniko cha oili asubuhi ukakuta ute mweupe kama maziwa ya mgando. Kabla hujakubali injini ifunguliwe na pesa za karo ziende gereji, soma haya kwanza.

Petroli inapoungua hutoa maji. Lita moja huzaa karibu lita moja ya maji, ila kwa kuwa ni mvuke, mengi hutokea kwenye ekzosi. Kiasi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia chini, mahali oili ilipo. Injini ikiwa moto barabara, mvuke huo huvutwa kupitia mpira maalum na kurudishwa kuunguzwa.

Wapendao magari ya mbio hufunga kopo dogo katikati ya mpira huo ili linase oili na maji. Kopo likiwa baridi, mvuke hugeuka matone, kama ufanyavyo kwenye kifuniko cha sufuria. Matone hayo yakikorogana na oili, ndipo ute hutokea. Basi kopo lililochukua muda kujaa mwezi Februari hujaa upesi Julai, na mengi yaliyomo ni maji. Lisipomwagwa, uchafu huo huweza kuvutwa hadi ndani ya injini.

Katika nchi za theluji kama Kanada mambo huwa mabaya zaidi. Maji huganda ndani ya kopo na mipira, injini ikakosa pa kupumulia, na oili ikasukumwa nje kupitia sili. Nairobi hatufiki huko.

Hata gari lisilo na kopo halijaepuka. Linaloumia zaidi ni lile la nyumbani, shuleni na sokoni, safari za dakika kumi. Usidanganywe na mshale wa joto: huo hupima maji ya rejeta, nayo oili huchelewa kupata moto.

Utajuaje basi? Ikiwa ute uko kwenye kifuniko pekee, kijiti cha kupimia oili ni safi na maji ya rejeta hayapungui, hiyo ni baridi tu. Lakini kijiti kikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yakipungua kila mara, au moshi mweupe ukiendelea hata injini ikiwa moto, usicheze. Huenda hedi gasketi imeungua, na hapo fundi ana haki. Rejeta nayo ifungue injini ikiwa imepoa kabisa.

Dawa ya ute wa baridi ni rahisi. Mara moja kwa wiki, endesha gari nusu saa bila kusimama-simama. Kama lina kopo, limwage kila wiki msimu huu, ila si kwenye mtaro. Badilisha oili mapema ikiwa safari zako ni fupi. Wala usiliwashe gari ndani ya gereji iliyofungwa ili lipate joto, kwani moshi wake huua watu kimyakimya.

Panguza kifuniko, endesha, kisha kague tena. Ute usiporudi, karo ya watoto imesalimika.