Kiarabu si Jedwali la Kuzidisha

"Mwalimu, mzizi ni herufi tatu, wazni za kitenzi ni kumi, kanuni zote ziko kwenye sarf. Kwa nini kompyuta isizidishe tu?"

Hapa Garissa, swali hili huulizwa na karibu kila kijana aliyepitia duksi (chuo cha Qurani), akaendelea na madrasa, kisha akajifunza kuandika programu. Huliuliza kwa kujiamini, maana fa'ala yaf'ulu, kielelezo cha sarf (elimu ya maumbo ya maneno), anacho kichwani tangu utotoni, na kuna vijitabu vinavyomwahidi Kiarabu chote kwa mizizi mia chache. Nimeshalijibu vya kutosha. Leo naandika jibu lake ili nisiulizwe tena.

Ukizidisha mizizi kwa wazni, yaani violezo vya irabu na herufi za nyongeza, utavuna takataka nyingi kuliko maneno. Kichanganuzi cha Kiarabu alichokitengeneza Kenneth Beesley katika kampuni ya Xerox kilikuwa na mizizi 4,930 na wazni zipatazo 400, za vitenzi na majina. Zidisha: karibu milioni mbili. Mashina halali yalikuwa kama 90,000 tu. Kwa wastani, mzizi mmoja hukubali wazni 18 hivi, na hakuna kanuni inayokutajia ni zipi. Ilibidi ziorodheshwe, mzizi baada ya mzizi.

Hata neno likiwepo, maana yake haitoki kwenye jedwali. Chukua mzizi q-b-l. Qabila ni kukubali, qabbala ni kubusu, qābala ni kukutana na mtu, aqbala ni kuja, istaqbala ni kumpokea mgeni. Vitabu vya mwanzo husema wazni ya pili (hapa qabbala) hutia mkazo au husababisha. Programu inayoamini hivyo itasoma qabbala kuwa "kukubalisha", na bwana harusi atajikuta kwenye mkataba wa biashara.

Wingi ndio usiseme. Maneno jamal (ngamia), asad (simba) na qalam (kalamu) yana wazni ileile, irabu kwa irabu. Wingi wake ni jimāl, usūd, aqlām. Nitajie kanuni iliyoyatenganisha nami nitakuachia kazi yangu.

Kinachonikera ni kwamba ustadhi wako alishakwambia. Lāmiyyat al-Af'āl ya Ibn Malik, ambayo wanafunzi wa sarf katika nchi za Wasomali wameihifadhi vizazi kwa vizazi, haikutungwa kusifu kanuni peke yake. Inaorodhesha pia vitenzi vinavyozikiuka. Wanazuoni walitofautisha qiyāsī, yaani kinachopimwa kwa kanuni, na samā'ī, kinachopokewa kama kilivyosikika kwa Waarabu. Al-Khalil bin Ahmad, mwenye asili ya Oman, alizipindua herufi za kila mzizi katika Kitāb al-'Ayn, karne ya 8, akatenga michanganyiko inayotumika na iliyoachwa. Hesabu aliijua vizuri. Alijua pia inapoishia.

Halafu kuna dawa ya mkato: kata wa- na al- mwanzoni, kinachobaki ndicho kiini. Kata wa- kwenye walad (mtoto) ubaki na lad. Alwān (rangi), ikiandikwa bila alama ya hamza kama wengi wanavyoiandika, inabaki wān. Na kwa kuwa maandishi mengi hayana irabu, w-h-m ni wahum, "na wao", au wahm, "dhana potofu". Kisu hakiwezi kuamua. Sentensi nzima ndiyo inayoamua.

Wengine hutaka kichanganuzi hichohicho kisome Kisomali, "kwa sababu kimejaa Kiarabu." Kisomali ni lugha ya Kikushi, iliyopata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972. Miis huwa miisas, buug huwa buugag; hakuna wazni hapo. Macallin huwa macallimiin kwa sababu neno hilo lilikuja na wingi wake, basi liorodheshe. Kanuni za Kisomali ziandike upya.

Unataka kufanya kazi? Usianze sifuri. Elewa kwanza mpangilio wa Tim Buckwalter wa mwaka 2002: kamusi ya viambishi awali, kamusi ya mashina na kamusi ya viambishi tamati, pamoja na majedwali yanayosema kipi kinaungana na kipi. Mashina yake 82,158 yameorodheshwa. Kanuni inafanya kazi ya kuunganisha tu. Kwa kugawa maneno, tumia Farasa ya Qatar. Kwa uchanganuzi na kuchagua maana kulingana na sentensi, CAMeL Tools ya Chuo Kikuu cha New York Abu Dhabi. Kwa Qurani, hazina ya Chuo Kikuu cha Leeds imekwisha kuichambua neno kwa neno. Akili unde itumie, lakini wingi na irabu ilizokupa zihakiki kwenye kamusi. Jaribu programu yako kwa gazeti, si kwa mifano ya kitabu cha sarf. Mzizi ukitoa neno usilolikuta katika kamusi wala maandishi yoyote, lifute.