Katuni ya sekunde kumi: Jifunze bila kumaliza mtaji

Alfajiri mpakani Namanga, kabla foleni haijasogea, simu ziko kazini. Muuza vitenge anatuma picha za mzigo kwa wateja wa Arusha, mwenzake wa viatu anatuma kwa wateja wa Kajiado. Tatizo ni kwamba picha hizo zinafanana, na mteja huzipita bila kusimama.

Katuni fupi inayotembea humsimamisha. Tena haihitaji mkalimani: kikapu kinachojaa chenyewe kitaeleweka Rusumo sawasawa na Kasumbalesa. Je, mtu asiyewahi kuchora anaweza kujifunza kazi hiyo peke yake?

Nilijaribu. Kosa langu la kwanza lilikuwa la kibiashara: nilitaka kununua kabla ya kujua ninachohitaji. Nikaulizia bei ya kompyuta kubwa, nikakaribia kulipia kozi ya mtandaoni, kisha nikaanza na duka zima lenye wauzaji na wateja wanaotembea. Baada ya wiki tatu sikuwa na hata sekunde moja ya kuonyesha.

Zana ni za bure

Programu nzuri hazina bei. Pencil2D na Krita zinatosha kwa michoro ya kawaida. Blender, inayotengeneza maumbo yenye kina, ilikuwa ya kampuni iliyofungwa. Mwaka 2002 watu walichanga euro 100,000 ili iachiwe huru, nayo ni bure hadi leo. Filamu ya Flow kutoka Latvia, iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2025, ilitengenezwa kwa Blender. Mwongozaji wake, Gints Zilbalodis, alijifunza mwenyewe, na filamu yake ndefu ya kwanza, Away, aliitengeneza peke yake.

Tahadhari moja: Blender huilemea kompyuta ndogo. Kama yako ni mtumba wa zamani, anza na Pencil2D, usikimbilie kununua nyingine.

Anza na mpira

Zoezi la kwanza ni mpira unaodunda. Linaonekana la kitoto, lakini ndilo linalofundisha kazi yote.

Filamu hupitisha picha 24 kwa sekunde. Anayeanza anaweza kuchora 12, kila moja ikikaa kwa fremu mbili. Mpira ukiwa juu kabisa, michoro yake hukaribiana, kwa sababu hapo unaenda polepole. Ukishuka, michoro huachana. Ukigusa chini unabonyea kidogo, ukiruka unarefuka. Kila mdundo uwe mfupi kuliko uliotangulia. Ukiweka nafasi sawa kati ya michoro yote, mpira wako utaelea kama puto.

Mpira wangu ulielea mara saba. Wa nane ulidunda, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba uzito wa kitu uko kwenye nafasi kati ya mchoro na mchoro.

Baada ya mpira, fanya gunia linaloruka, kisha kikapu kinachojaa. Mtu anayetembea asubiri. Miguu miwili ina hesabu ngumu. Maliza kila zoezi hata kama ni baya, ulihifadhi, kisha endelea na jingine.

Piga hesabu

Sekunde kumi kwa michoro 12 kila sekunde ni michoro 120. Ukichora mmoja kwa dakika tano, hizo ni saa kumi za kazi. Kwa saa moja kila jioni baada ya kufunga duka, ni siku kumi, bila kuhesabu michoro utakayorudia. Kwa hiyo, tangazo likihitajika kesho, mlipe fundi. Usijifunzie kwenye mzigo wa haraka.

Usichukue pia wimbo wa msanii bila ruhusa. Rekodi sauti yako mwenyewe ukitaja bidhaa. Mteja anayekufahamu ataitambua.

Soko la kazi hii lipo kwetu. Ubongo Kids ya Dar es Salaam imekuwa hewani tangu 2014, na Raymond Malinga wa Uganda ameongoza moja ya filamu fupi za Kizazi Moto zilizotolewa na Disney mwaka 2023. Hayo ni mbali kwa anayeanza leo. Kwa jioni ya leo, pakua programu moja, chora duara, lidundishe. Likidunda sawasawa, ndipo uulize bei ya kompyuta.