Nani Mwenye Haki ya Kulifungia Gazeti?

Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania inampa kila mtu haki ya kutoa maoni na ya kutafuta, kupokea na kusambaza habari. Hata hivyo, sheria zilizotungwa na Bunge ndizo zilizoibana haki hiyo kwa miaka mingi.

Sheria ya Magazeti ya 1976 ilimruhusu waziri kulifungia gazeti kwa jina la amani au masilahi ya umma, bila kwenda kwanza mahakamani. Ndivyo gazeti la MwanaHalisi lilivyofungiwa Julai 2012 kwa muda usiojulikana. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ikaifuta ile ya zamani, lakini mamlaka ya waziri yakabaki, na juu yake likaja sharti la leseni ya kuchapisha.

Leseni hiyo ina uzito mkubwa. Mhariri anayejua kwamba ruhusa yake ya kuchapisha imo mikononi mwa serikali anayoichunguza huanza kujizuia mwenyewe. Habari ya zabuni yenye utata huwekwa kando, na msomaji hapati hata kujua kwamba ilikuwapo. Gazeti likifungiwa, mishahara hukatika na watangazaji huhamia kwingine. Gazeti dogo huenda lisiinuke tena.

Baraza la Habari Tanzania na mashirika mawili ya haki za binadamu yalifungua kesi katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Machi 2019 mahakama iliamua kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari, kikiwamo cha 59 kinachompa waziri uwezo wa kuzuia chapisho, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Februari 2022 magazeti ya MwanaHalisi, Mawio, Mseto na Tanzania Daima, yaliyokuwa yamefungiwa, yalirudishiwa leseni, na marekebisho ya Juni 2023 yakaondoa kashfa katika makosa ya jinai.

Hizo ni hatua za kweli, ila leseni imebaki. Usajili wa kawaida, kama wa kampuni yoyote, ungetosha. Aliyechafuliwa jina ana njia ya kudai fidia mahakamani, au kulalamika kwa Baraza la Habari, chombo cha hiari kilichoundwa 1995, ambacho husuluhisha na kudai habari isahihishwe. Matangazo ya serikali nayo, tegemeo kubwa la magazeti mengi, yanahitaji kugawiwa kwa vigezo vilivyotangazwa hadharani, ili gazeti lisilipie ukosoaji wake kwa kunyimwa mapato.