Jeraha la Msuli au Hitilafu ya Njia? Usomaji wa Elektrokadiogramu ya Mbwa

Utangulizi

Elektrokadiogramu ni mchoro wa umeme wa moyo unaopimwa juu ya ngozi. Historia yake inafungamana na mbwa: mwaka 1909 Augustus Waller alionyesha kipimo hicho mbele ya Royal Society jijini London kwa kumtumia mbwa wake Jimmie, ambaye alisimama miguu ikiwa ndani ya vyombo vya maji ya chumvi. Hata hivyo, mchoro hauonyeshi moyo wenyewe, bali safari ya umeme ndani yake. Makala haya yanaeleza jinsi madhara ya msuli wa moyo na hitilafu za upitishaji wa umeme zinavyoubadili mchoro huo, na kwa nini kuzichanganya hali hizo mbili kunaweza kumuua mbwa ambaye angeweza kuokolewa.

Mchoro wa mbwa mwenye afya

Umeme huanzia katika nodi ya sinoatria, husambaa katika atria zote mbili na kuchora wimbi P. Hupunguza mwendo katika nodi ya atrioventrikali, kisha hushuka kwa kasi kupitia fungu la His na matawi yake mawili, la kulia na la kushoto. Ventrikali zinapochangamshwa huchorwa mawimbi QRS. Zinaporejea katika utulivu huchorwa wimbi T. Kwa mbwa mzima, muda kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ni sekunde 0.06 hadi 0.13. QRS haizidi sekunde 0.05 kwa mbwa wadogo na 0.06 kwa mbwa wakubwa.

Mbwa ana mambo yake. Mapigo yake huongezeka kasi anapovuta pumzi na hupungua anapoitoa, tena kwa kiwango ambacho kwa binadamu mzima kingezua wasiwasi. Wimbi T laweza kuelekea juu au chini bila kuwapo ugonjwa wowote. Kwa sababu hiyo, mashine ya hospitali ya binadamu inaweza kutumika kumpima mbwa, lakini tafsiri inayotolewa na programu yake haifai kutegemewa.

Msuli unapodhurika

Msuli wa moyo huweza kudhurika kwa kuvimba, kwa kukosa oksijeni, kwa pigo la kifua, au kwa magonjwa ya kurithi kama yanayowapata mbwa aina ya Doberman na Boxer. Katika maeneo ya Afrika yenye mbung'o kuna sababu nyingine: kimelea Trypanosoma brucei hupenya kwenye tishu na huweza kusababisha uvimbe wa msuli wa moyo wa mbwa.

Seli zilizodhurika hazihifadhi chaji ya umeme kama zile zenye afya. Kipande ST huweza kuinuka zaidi ya milivolti 0.15 au kushuka zaidi ya 0.2. Aidha, seli hizo huweza kuanzisha mapigo ya mapema ya ventrikali, ambayo hutokea kabla ya wakati wake na huwa na QRS pana. Lakini mapigo hayo huja na kutoweka, hivyo mchoro wa dakika chache ukiwa safi si uthibitisho wa afya. Kwa Doberman, ugonjwa huo wa kurithi hutafutwa kwa kurekodi moyo saa 24 mfululizo. Mapigo ya mapema zaidi ya 300 katika muda huo ni dalili yake nzito.

Njia inapoharibika

Hitilafu ya upitishaji huweza kutokea hata pale ambapo msuli una nguvu. Tawi moja likiziba, umeme hulazimika kupenya polepole kutoka seli hadi seli, na QRS hupanuka hadi kufikia sekunde 0.08 au zaidi. Kuziba kwa tawi la kulia huonekana hata kwa baadhi ya mbwa wasio na ugonjwa. Kuziba kwa tawi la kushoto, lililo nene, mara nyingi huashiria ugonjwa mkubwa. Vilevile, potasiamu ikizidi katika damu, P hufifia au hutoweka na QRS hupanuka, ingawa msuli haujapata jeraha lolote. Kwa hiyo upana wa QRS peke yake hautaji chanzo.

Mahali penye hatari

Nodi ya atrioventrikali ikiziba kabisa, P na QRS huenda kila moja kwa mwendo wake. Ventrikali hujitegemea kwa mapigo ya akiba, yaliyo mapana na ya polepole. Kwa umbo, mapigo haya hufanana na yale ya mapema. Tofauti iko katika wakati: pigo la mapema hutangulia, pigo la akiba huchelewa na kufuata kimya kirefu. Lignokeini, dawa ya kutuliza mapigo ya mapema yaliyo hatari, ikitolewa hapa huzima mapigo pekee yanayomweka mbwa hai. Atropini nayo mara nyingi haifui dafu; tiba ya kudumu ni kupandikiza kifaa cha kuchochea mapigo.

Hitimisho

Elektrokadiogramu ni shahidi mwaminifu wa mdundo na njia, lakini ni shahidi dhaifu wa hali ya msuli. Inapasa isomwe pamoja na kipimo cha mawimbi ya sauti cha moyo, kiwango cha troponini na kiwango cha potasiamu katika damu. Kwa wapangaji wa sera, hatua tatu zinawezekana bila gharama kubwa: kuweka utaratibu mmoja wa kurekodi, mbwa akiwa amelalia ubavu wa kulia na karatasi ikienda milimita 50 kwa sekunde, kufundisha madaktari wa mifugo kutofautisha pigo la mapema na pigo la akiba kabla ya kugusa sindano, na kukusanya vipimo vya rejea vya mbwa wa kienyeji, pamoja na mbwa wa polisi na wa hifadhi.