Utangulizi: Nani Anajua Kusoma?

Mwaka 1986 Tanzania ilitangaza kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika wamebaki chini ya asilimia 10. Sensa ya 2012 ikakuta kiasi cha asilimia 22 ya watu wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawajui. Mgeni wa uwanja huu akizipata tarakimu hizo mbili kwenye meza moja hukimbilia kusema kwamba watu wamesahau, au kwamba wakubwa wa zamani walitudanganya. Namsihi asubiri kidogo. Humo ndani ya tarakimu mna karibu kila swali ambalo watafiti wa elimu ya watu wazima na kisomo cha familia wamelihangaikia kwa zaidi ya nusu karne.

Nawaandikia mwanafunzi anayetafuta mada, mwalimu wa kisomo anayejiuliza kwa nini darasa lake linapungua kila msimu wa palizi, na afisa elimu wa kata aliyeambiwa alete takwimu kabla ya Ijumaa. Karibuni.

Tuanze na kipimo. Tarakimu ya 1986 ilitokana na mitihani ya kitaifa ya kisomo, iliyofanyika mara ya kwanza Agosti 1975 na kurudiwa mara kadhaa. Mitihani hiyo ilikuwa na hatua nne. Aliyejiandikisha na kuhudhuria theluthi mbili ya vipindi alihesabiwa kuwa yuko hatua ya kwanza. Hatua ya pili ilikuwa ya herufi, maneno na tarakimu. Aliyefika ya tatu alihesabika kuwa amefuta ujinga, na wa hatua ya nne alitarajiwa kusoma gazeti, kuandika ujumbe na kuweka hesabu zake za mapato na matumizi. Mwaka huo wa kwanza walioandikishwa walizidi milioni tano, na waliofika hatua ya tatu na ya nne walikuwa kama milioni moja na laki tisa. Sensa haina mtihani. Karani anakaa kwenye kigoda uani, anamuuliza mkuu wa kaya, na mkuu wa kaya anajibu kwa niaba ya mkewe, mama mkwe na kijana aliyekwenda mjini. Hivyo ni vipimo viwili tofauti.

Halafu kuna watu wapya. Elimu ya msingi kwa wote, iliyoanza kutekelezwa 1977, iliwaingiza watoto shuleni kwa mamilioni. Uchumi ukayumba miaka ya 1980, michango na ada vikarudi, uandikishaji ukashuka, na ada ya shule za msingi haikufutwa hadi 2001. Mtoto aliyekosa darasa la kwanza mwaka 1992 ndiye mtu mzima aliyehesabiwa na sensa ya 2012. Hakusahau chochote, kwa sababu hakufundishwa. Watoto kama yeye ndio waliofanya uanzishwe mpango wa MEMKWA, wa elimu ya msingi kwa walioikosa.

Kusahau nako kupo. Aliyejifunza kusoma akakaa miaka kumi bila cha kusoma hurudi nyuma, na waliosimamia kampeni ya kisomo walilijua hilo mapema. Ndiyo maana Kanda ya Ziwa ilipata gazeti lake la vijijini, Elimu Haina Mwisho, mwaka 1974, na vijiji vikaanzishiwa maktaba. Karatasi na fedha zilipoadimika, maandishi hayo yakapungua mikononi mwa watu waliokuwa wameanza kuyazoea.

Kwa hiyo swali la "wangapi wanajua kusoma?" ni la waziri, naye analihitaji kwa bajeti yake. Mtafiti anahitaji swali jingine: anajua kusoma nini, kwa kazi gani, na nani kasema kwamba anajua?

Kusema haki, waanzilishi walikaribia kuliuliza. Mkutano wa mawaziri wa elimu uliofanyika Tehran mwaka 1965 ulisisitiza kwamba kisomo kifungamane na kazi, na UNESCO ikazindua majaribio katika nchi kumi na moja, zikiwemo Mali, Iran, Ekwado, Ethiopia na Tanzania. Hapa kwetu mradi ulianza 1968, makao yake Mwanza, ukagusa Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Mkulima wa pamba alipewa kitabu cha pamba, wa ndizi cha ndizi, na mvuvi alijifunza herufi kwa habari za nyavu na samaki. Kikaitwa kisomo chenye manufaa. Ni wazo zuri, lakini msomaji wa leo atagundua kasoro mara moja: wanawake walielekezwa kwenye kitabu cha maarifa ya nyumbani, ilhali nao walikuwa wakipalilia pamba ileile. Aliyepanga masomo aliamua mwenyewe kipi ni manufaa kwa nani. Tathmini ya majaribio hayo ilipotolewa mwaka 1976, ilionekana kwamba katika nchi nyingi walioandikishwa walikuwa wengi na waliofuzu wachache. Tanzania ilionekana kufanya vizuri kuliko wengi, na chama tawala kilikuwa kimeshaamua 1971 kuipeleka kazi hiyo nchi nzima.

Redio iliongeza nguvu. Kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973 ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi: redio katikati, kiongozi wa kikundi na kitabu chake, mjadala, kisha watu wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka mazalia ya mbu. Kwa mtafiti, jambo hilo lilizaa tatizo jipya. Mafanikio ya mjadala utayapimaje kwa dodoso? Miongoni mwa watu wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ya Dar es Salaam alikuwamo Budd Hall, aliyeanza kusema wazi kwamba dodoso linamfanya mwanakijiji kuwa kitu cha kuchunguzwa, wakati yeye ndiye anayelijua jambo. Marja-Liisa Swantz kutoka Finland alikuwa akifanya kazi kwa mwelekeo huohuo, na mradi wa Jipemoyo wa wilaya ya Bagamoyo ukaupa utafiti shirikishi sura ya vitendo. Wanafunzi wetu wengi wanaufahamu utafiti shirikishi kupitia vitabu vya ng'ambo, na baadhi hudhani ulizaliwa huko. Sehemu kubwa ya mizizi yake iko hapa.

Huko nje nako mambo yalibadilika. Sylvia Scribner na Michael Cole walikwenda Liberia kwa Wavai, watu wenye mwandiko wao waliojitungia. Humo walikuta mtu anasoma Kivai kwa barua za nyumbani, mwingine Kiarabu kwa Kurani, mwingine Kiingereza kwa shule. Katika kitabu chao cha 1981 walionyesha kwamba kujua kusoma peke yake hakukuleta yale mabadiliko makubwa ya akili yaliyokuwa yakihubiriwa. Kila mwandiko ulimpa mtu wepesi katika mambo yanayofanana na kazi aliyoifanya kwa mwandiko huo. Brian Street, kwa utafiti wake wa kijiji kimoja cha Iran, aliandika 1984 kwamba hakuna kusoma kunakoelea hewani: kila kusoma kumo ndani ya mamlaka, dini na biashara ya mahali. Wauza matunda wa kijiji hicho walikuwa wameugeuza ujuzi wa maktabu, yaani madrasa yao, ukawa wa kuandika bili na hesabu, jambo ambalo walimu wa serikali hawakuliona.

Mtu wa pwani hahitaji kusafiri mpaka Liberia kuyaelewa haya. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne kadhaa kabla ya kampeni yoyote ya kisomo. Bibi wa Lamu au Pemba aliyehitimu chuo cha Kurani, anayesoma msahafu na aliyewahi kuandikiana barua na ndugu zake kwa herufi hizo, angeingia darasa la kisomo akaanzishwa a, e, i, o, u pamoja na asiyewahi kushika kalamu. Mtihani haukuwa na mahali pa kuuweka ujuzi wake.

Na hapo ndipo familia inapoingia. Mwaka 1858 hivi, Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia bintiye utenzi unaoanza kwa kumtaka atwae wino na karatasi. Mama anafundisha, binti anaandika, somo linahusu maisha yatakayomkuta. Yaliyomo kuhusu mke na mume tunaweza kubishana hata kesho. Tendo lenyewe ni kisomo cha familia, zaidi ya karne moja kabla ya Denny Taylor kuliweka jina hilo juu ya kitabu chake huko Marekani mwaka 1983.

Kisomo cha familia kwa maana ya mpango rasmi humweka mzazi na mtoto katika somo moja, au katika masomo mawili yanayokutana. Marekani iliuingiza katika sheria mwaka 1988 kwa jina la Even Start. Tathmini za kitaifa zilipolinganisha familia zilizokuwemo na zisizokuwemo, hazikuona tofauti ya maana, na mwaka 2011 fedha zikakatwa. Wengine walihitimisha kwamba wazo limeshindwa. Mtafiti Elsa Auerbach alikuwa ametoa onyo tangu 1989: mipango mingi humwona mzazi kama pengo la kuzibwa, inamfundisha tabia za shule azipeleke nyumbani, na haiulizi nyumbani kuna nini tayari. Mimi naegemea upande wake. Huko Tucson, Marekani, Luis Moll na wenzake waliwatuma walimu kwenye nyumba za familia zenye asili ya Meksiko wakajifunze, wakarudi na habari za kilimo, ujenzi na biashara ambazo shule haikuwa imeziota. Nchini Uturuki, utafiti ulioongozwa na Çiğdem Kağıtçıbaşı ulianza 1982, ukawafundisha kina mama namna ya kuwasaidia watoto wao, kisha ukawafuatilia watoto hao hadi ukubwani, na faida zilikuwa bado zinaonekana. Soma utafiti huo kwa makini. Ni mipango michache sana inayopata subira ya miaka ishirini.

Ukiingia kazini, utakuta mambo ya kuchunguza yako palepale watu walipo. Nenda kwenye kikundi cha kuweka na kukopa siku ya mkutano. Sanduku lina makufuli matatu na funguo ziko kwa watu watatu. Mwanachama ananunua hisa moja mpaka tano, na kwa kila hisa katibu anagonga muhuri kwenye kijitabu chake. Mama ambaye karani wa sensa angemwandika hajui kusoma anakipokea kijitabu, anapitisha kidole juu ya mihuri, anahesabu, anazidisha kwa bei ya hisa kichwani, na muhuri mmoja ukikosekana mkutano wote utamsikia. Vikundi vya namna hii vilitokana na vile vya wanawake vilivyoanzishwa Niger mwaka 1991, na vijitabu vya mihuri vikatengenezwa makusudi ili asiyejua herufi asiibiwe. Sasa jiulize: huyu yuko hatua ya ngapi? Akipata ujumbe wa simu kwamba fedha zimeingia, nani anamsomea? Mara nyingi ni mjukuu wa darasa la tano, ambaye kwa kazi hiyo anajua deni, salio na siri za watu wazima kuliko baba yake. Somo la kisomo cha familia liko hapo, pamoja na swali la maadili ambalo fomu za ridhaa hazilitaji.

Kuhusu vipimo nitasema mawili tu. Kwanza, usimuulize mtu mzima mbele ya watoto wake kama anajua kusoma. Atakujibu kwa kulinda heshima, na ana haki. Pili, pima kwa kazi halisi na useme wazi umepima kiwango gani. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa 2006 uliwapima watu kwa maswali badala ya kuwauliza tu. Ulikuta asilimia 61.5 ya watu wazima wamefikia kiwango cha chini, lakini waliofikia kiwango kinachotakiwa walikuwa asilimia 29.6. Mwanasiasa atachagua tarakimu inayomfaa, wewe ziandike zote mbili. Watu wa mradi wa Uwezo, walioanza takriban 2010 kuwapima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda majumbani kwao kwa hadithi na hesabu za darasa la pili, wametufunza jambo jingine: kipimo kinapofanyika sebuleni, mzazi analiona jibu palepale. Hata asiyejua herufi anatambua mwanawe anapokwama.

Nina ombi moja kabla hujafungua daftari. Maandishi mengi ya uwanja huu yako kwa Kiingereza, katika majarida ambayo mwalimu wa kisomo wa Sengerema hana njia ya kuyapata, wala aliyehojiwa hatayaona. Ukimaliza kazi yako, andika kwanza kurasa nne au tano za Kiswahili chepesi, kwa herufi kubwa, urudi nazo kwa watu waliokupa habari, muwasomee pamoja wewe na mmoja wao, na uwaache wakusahihishe. Makala ya jarida itasubiri.