PEMBEA ZA IDI NA MAWINGU YA MASIKA: NANI ASEME "FUNGENI"?

Mwaka 2024 Idi ndogo iliangukia Aprili 10, nami sikuisali Mombasa kama nilivyozoea. Mdogo wangu amefanya maskani yake Mumbuni, katika kaunti ya Machakos. Ameoa huko, na wanawe wanazungumza Kikamba vizuri kuliko Kiswahili cha babu yao. Alinishikilia sana nende nikale Idi kwake. Basi nikapanda basi la usiku, alfajiri nikateremka Kyumvi pale panapochepuka njia ya Machakos, na kabla jua halijawa kali nilikuwa nimekaa kibarazani nakunywa chai, vilima vya Iveti viko mbele yangu vimejifunika ukungu.

Idi mosi tukasali, tukala, tukatembelea watu. Idi pili watoto wakaanza: "Ami, twende pembea! Ami, ulituahidi!" Nawe wajua, msomaji, kwamba mtoto wa Kiislamu hahesabu Idi kuwa Idi mpaka apande pembea. Kwetu Mombasa ni Makadara, Unguja ni Mnazi Mmoja na kiwanja cha Kariakoo, na Chake Chake ni Tibirinzi. Mjini Machakos ipo ile bustani kubwa ya wananchi kando ya bwawa la Maruba, iliyojengwa na serikali ya kaunti, na watu huijia hata kutoka Nairobi. Lakini watoto walikuwa wamekwisha kuona kitu karibu zaidi: mtu mmoja alikuwa amesimamisha pembea zake katika uwanja wazi papo hapo Mumbuni, mwendo wa miguu tu kutoka nyumbani.

Tukaenda mimi, watoto wanne, na bibi yao wa upande wa mama, mama mtu mzima wa Kikamba ambaye maneno yake ni machache. Tukakuta pembea la duara lenye farasi wa mbao, gurudumu la kupandia lisilo refu sana, na lile jumba la mpira linalojazwa upepo kwa mashine, ambalo watoto huingia wakarukaruka. Jenereta inanguruma, muziki unapiga, wauza viazi na maji ya miwa wako kazini. Furaha ilikuwa kamili.

Mara, kiasi cha saa kumi, juu ya vilima kukaingia wingu jeusi. Upepo ukageuka. Nikasikia radi, bado iko mbali. Nikamwendea kijana aliyekuwa akikata tiketi, nikamuuliza kwa upole kama hawaonelei kufunga kidogo. Akacheka akasema, "Mzee, hii ni mbua tu, itapita. Hapa kwetu mvua ni baraka." Nami, nasema kweli, nikanyamaza. Niliona haya kuonekana mgeni wa pwani anayeogopa mvua ya watu.

Yule bibi hakuona haya. Alivua viatu, akaingia mwenyewe ndani ya lile jumba la mpira, akawatoa watoto wote mmoja mmoja, wajukuu zake na wasio wajukuu zake. Watoto walilia. Wazazi wawili watatu walinung'unika kwamba fedha zao zimepotea. Hazikupita dakika kumi, upepo ukaja kwa mkupuo mmoja, kamba ya pembe moja ikang'oka na kigingi chake, na jumba lote likainuka kama tanga lililokatika, likapinduka, likaenda likaangukia ua wa jirani. Ndani yake hamkuwa na mtu. Mwenye mali alikuja mbio, akalitazama, akashika kichwa. Hakuna aliyesema neno.

HII SI HADITHI YA MUMBUNI PEKE YAKE

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: Je, viwanja vya michezo na pembea vifungwe hali ya hewa inapochafuka, au kila mtu aachiwe akili yake? Wako watakaosema jambo hili ni dogo. Hapana. Machi 2016, katika mji wa Harlow, Uingereza, kwenye pembea za sikukuu ya Pasaka, upepo uliliinua jumba kama lile na kulivingirisha mbali, na mtoto wa miaka 7 aliyekuwamo alikufa. Mwaka 2018 mahakama iliwafunga wenye jumba hilo wawili miaka 3 kila mmoja. Disemba 16, 2021, huko Devonport katika jimbo la Tasmania, Australia, watoto wa shule ya msingi walikuwa wakisherehekea kufunga mwaka. Upepo ukaja ghafla, na watoto 6 wakapoteza maisha. Nilipozisoma habari hizi, nilimkumbuka yule bibi na viatu vyake mkononi.

Nchini mwetu nako mwaka huo huo wa 2024 haukuwa wa mzaha. Mvua za masika ziliua watu zaidi ya 250 Kenya. Usiku wa kuamkia Aprili 29 maji yalipasua njia karibu na Mai Mahiu na kufagia nyumba na watu. Shule zilicheleweshwa kufunguliwa. Mapema Mei, kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia pwani ya Tanzania, serikali yetu ilikataza kuogelea, kuvua na michezo ya ufukoni pwani nzima.

Sasa angalia yaliyofuata. Kimbunga kilipungua nguvu kilipofika upande wa Mafia, Mei 4, na sisi wa Mombasa tukapata upepo na mawimbi tu. Barazani watu wakasema, "Tumetishwa bure. Wavuvi wamelala njaa bure." Lakini kule mkoa wa Lindi mvua zake zilikata barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Aliyejifungia ndani mwizi akapita nyumba ya pili, hasemi kwamba komeo lake lilikuwa la bure.

WAZEE WETU WALIJUA KUFUNGA

Wengine watasema kufunga kwa sababu ya hali ya hewa ni mambo ya Wazungu. Mimi naona kinyume. Watu wa pwani walijua kufunga bahari kabla pembea ya chuma haijaletwa. Kusi lilipokaza, vyombo vilipandishwa pwani vikatiwa sifa na kukalafatiwa, na hapakuwa na nahodha aliyeitwa mwoga kwa kungoja. Aliyeondoka ndiye aliyesemwa. Na pale tulipousahau ujuzi huo tumelia. Julai 18, 2012, meli ya Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja katika upepo mkali na mawimbi, ikazama karibu na Chumbe, siku chache tu kabla ya mwezi wa Ramadhani.

Wazee hao walikuwa na kalenda mbili. Moja ni ya mwezi, ya saumu, Idi na ibada. Ya pili ni ya jua, iliyoanza kwa Nairuzi, yenye siku 365, ambayo ilikuwa ya bahari na ya shamba. Na watu wa Makunduchi hadi leo huikumbuka kwa Mwaka Kogwa kila Julai. Kwa nini mbili? Kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku kama 11, na kwa hiyo Idi haina msimu wake. Huzunguka hali zote za hewa katika muda wa miaka 33 hivi. Mwaka 2018 Idi ndogo ilikuwa Juni, ndani ya kusi. Kuanzia 2020 hadi 2026 hesabu inaiweka baina ya Machi na Mei, yaani masika yenyewe. Mwaka 2030 itakuwa Februari, wakati wa kaskazi na jua. Katikati ya miaka ya 2030 itaingia vuli, ambayo huko Ukambani ndiyo mvua wanayoitegemea zaidi kwa kilimo. Basi mwenye pembea anayengojea Idi lazima awe na kalenda ya pili mfukoni.

Na dini yetu je? Usiku ule mdogo wangu aliniambia, "Kaka, ajali ni amri ya Mungu, hata ukifunga." Nikamjibu kwamba ni kweli, lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, usiku wa mvua na baridi alimwamuru mwadhini awatangazie watu wasali majumbani mwao. Ikiwa sala ya jamaa, yenye thawabu zake zote, imepewa ruhusa kwa ajili ya mvua, itakuwaje farasi wa mbao akose ruhusa? Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Lakini mwadhini halipwi kwa tiketi."

MWENYE PEMBEA NAYE ANA WATOTO

Neno hilo ndilo lililonifanya nirudi uwanjani asubuhi yake. Nilimkuta mwenye mali akishona mpira uliochanika. Hakunikasirikia. Aliniambia kwamba mwaka mzima yeye hula kwa siku chache: Idi mbili, Krismasi, na likizo za shule. Ana deni la jenereta, ana vijana sita wa kulipa, na kodi ya uwanja amekwisha kuitoa, mvua inyeshe isinyeshe. "Nikifunga kila wingu linapotokea," alisema, "nitakuwa nimeua watoto wangu kwa njaa ili nisiue watoto wa watu kwa upepo." Sikuweza kumwita mtu mbaya. Kosa lake lilikuwa kwamba aliyetakiwa kusema "fungeni" ni yeye huyo huyo anayepoteza kwa kufunga.

Na jambo hili si la wanyonge tu. Agosti 13, 2011, katika maonyesho ya jimbo la Indiana, Marekani, jukwaa liliangushwa na upepo wa dhoruba, wakafa watu 7. Wachunguzi walipouliza nani alikuwa na mamlaka ya kuahirisha tamasha, ilionekana kwamba haikuwa wazi. Wingu lilionwa na wengi, na amri haikuwa ya mtu.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, tusiseme tu "vifungwe" wala "visifungwe". Tuseme vifungwe lini, na nani, na hasara ibebwe vipi.

Kwanza, lini. Jumba la mpira halifai kutumika upepo ukizidi kilomita 38 kwa saa. Hiyo ndiyo kanuni ya Waingereza. Asiye na kipimo atazame miti: miti midogo yenye majani ikianza kuyumba mizima, basi. Radi ikisikika, watu washuke kwenye chuma, watoke majini, waondoke chini ya miti, waingie nyumba ya kweli, wala si hema. Wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sauti huchukua kama sekunde 3 kwa kila kilomita, na umeme waweza kupiga kilomita 10 na zaidi kutoka penye mvua. Kwa hivyo nilipoisikia radi nikadhani iko mbali, ilikuwa tayari karibu ya kutosha. Na kiwanja kilicho kando ya bwawa au mto kitazame pia mvua inayonyesha juu milimani, hata kama hapo penyewe pana jua.

Pili, nani. Katiba ya mwaka 2010 imekwisha kuzipa kaunti kazi ya bustani, fukwe na mahali pa burudani. Idara ya Hali ya Hewa nayo ina wakuu wake katika kaunti. Basi kaunti inapotoa kibali cha pembea, iandike katika kibali hicho jina la mtu mmoja, asiyelipwa kwa tiketi, ambaye neno lake likitoka linasimama. Awe ofisa, awe mzee wa mtaa, hata awe bibi kama yule.

Tatu, hasara. Tiketi ya siku iliyovunjwa na mvua iwe halali siku ya pili, ili mzazi asing'ang'anie fedha yake na mwenye pembea asilazimike kuirudisha papo hapo. Na siku zilizopotea kwa mvua ziongezwe mwishoni pasipo kodi mpya ya uwanja. Hili haliigharimu kaunti kitu kikubwa, nalo lingemwondolea yule mtu wa Mumbuni sababu ya kuliangalia wingu kama adui wa watoto wake.

Nilirudi Mombasa Jumapili, mvua ikinyesha njia nzima. Kabla sijaondoka nilimwaga yule bibi, nikamwuliza alijuaje kwamba upepo ule si wa kawaida. Akanitazama kana kwamba nimeuliza jambo la kitoto. "Sikujua," alisema. "Lakini watoto walikuwa ndani."