Gari uani, taa ndani

Mvua ya mawe iliyapiga mabati ya Kapsoya saa kumi na moja jioni, na kabla haijakatika mkaratusi ukaangukia nyaya za barabara ya nyuma. Stima ikapotea. Sisi wa Eldoret, huku juu kwenye mita 2,100 hivi kutoka usawa wa bahari, tunaijua Aprili: asubuhi jua, alasiri radi. Niliwasha mshumaa nikakaa.

Saa mbili usiku jirani yangu, mwalimu mstaafu, akagonga lango. Mjukuu wake ana pumu, kifua kilikuwa kimembana, na nebulaiza yao, mashine ya kumvutisha dawa, ni ile ya kuchomeka ukutani.

"Jirani, gari lako lina mafuta?"

"Robo tangi, Mwalimu."

"Basi lilete kwangu. Lakini usiliingize chini ya paa."

Ni kwa sababu ya hilo neno lake la mwisho ndipo naandika makala haya. Mimi ningeliegesha kwenye kibanda chake, kando ya dirisha la chumba cha mtoto, ili waya ufike kwa urahisi. Moshi wa petroli una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni gesi ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani usiku wa baridi. Kufungua mlango wa gereji hakutoshi. Mwalimu aliniamuru nisimame mita sita kutoka dirishani, bomba la moshi likielekea langoni, kisha akaziba kwa kitambaa upenyo ambamo waya uliingilia. Mtoto mwenye pumu hakuhitaji moshi wa aina yoyote usiku ule.

Alikuwa na inveta ya wati 300, kisanduku kinachogeuza volti 12 za betri kuwa volti 240 za nyumbani. Mvua ilikuwa imekatika, kwa hiyo tuliiweka juu ya kigoda kando ya boneti: kibanio chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi. Hakutumia tundu la kuwashia sigara, kwa kuwa fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 au 15, na mzigo mzito ungeikata. Nebulaiza na balbu mbili za wati tisa hazikufika wati 200, yaani ampea 16 au zaidi kidogo kutoka kwenye betri. Injini ikiwa imetulia, alteneta, yaani jenereta ya gari, hutoa sehemu tu ya uwezo wake, lakini kwa mzigo huo ilimudu.

Kwa nini tusizime injini tukatumia betri peke yake? Betri ya gari dogo imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini. Ukiinyonya mara kwa mara hadi chini ya nusu, unaiua. Injini ya cc 1,500 ikinguruma mahali pamoja hunywa baina ya nusu lita na lita moja kwa saa, na dawa ya mtoto iliisha kwa dakika kumi.

Kijana mmoja wa ploti, kwa nia njema kabisa, alishauri tuchomeke inveta kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Mwalimu alikataa kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Umeme ukirudi nyuma hadi kwenye transfoma, transfoma hufanya kazi yake kinyume: volti 240 zaweza kuwa 11,000 kwenye waya ambao fundi juu ya nguzo anaamini umekufa. Mafundi wale ni watoto wa watu, na usiku kama ule ndio wanaopanda nguzo zilizolowa kwa ajili yetu. Friji nayo tuliiacha. Mota yake ikianza huvuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, na friji ikifungwa bila kufunguliwa hutunza baridi kwa saa nne hivi.

Kwamba gari laweza kuwa chanzo cha umeme, Wajapani walijifunza kwa uchungu. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011, magari ya Toyota Estima ya haibridi, yenye soketi ya wati 1,500, yalisaidia kuchemsha maji na kuchaji simu katika maeneo yaliyoharibiwa. Magari ya jinsi hiyo hushuka Mombasa yakiwa yametumika na hupandishwa hadi kwetu. Mwenye kuliona tundu hilo ndani ya gari lake ajue kwamba linatoa volti 100, ilhali vyombo vyetu vinataka 240.

Ijumaa ya Agosti 25, 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipoingia gizani, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwemo, nilikaa garini nikichaji simu. Sikufikiria kwamba gari hilo hilo lingeweza kumsaidia mtoto kupumua.

Stima ilirudi alfajiri. Nilipoenda kulichukua gari, Mwalimu alikuwa ameinama uani na kopo la chokaa, akichora mstari mweupe ardhini pale magurudumu yangu ya nyuma yaliposimama.